Kalamu ni Rahisi, Wino Ndio Ghali

Niliingia kwenye duka la steshenari Barabara ya Pamba, katikati ya jiji la Mwanza, nikaomba kalamu ya wino. Kijana wa kaunta akachomoa peni ya jeli kwenye kopo, akanisogezea pamoja na kipande cha karatasi nijaribu.

"Siyo hii, kaka. Nataka ya wino."

"Bosi, hizi zote zina wino."

Alisema kweli. Ikabidi nieleze kwa vidole: ile yenye nibu ya chuma, unaichovya kwenye chupa, inafyonza wino tumboni. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi pembeni akaelewa kabla ya kijana. "Anataka kalamu ya walimu wa zamani," akasema. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akagusa mfuko wa shati lake. "Hapa palikuwa na doa la bluu mpaka siku niliyostaafu. Mama watoto alilisugua akachoka."

Kijana akapanda ngazi, akashusha boksi la zawadi lenye kitambaa laini ndani na kalamu moja inayong'aa kama pete ya harusi. Nibu ilikuwamo kweli. Lakini haikuwa na jina la kampuni wala karatasi ya maelezo, na pale dukani hakuna aliyejua inatumia wino gani. Nikairudisha, maana kosa hilo nilishalifanya.

Miaka kadhaa iliyopita, katika duka jingine, nilitoa shilingi 45,000 kwa kalamu ya namna hiyo. Ilikwaruza karatasi kama msumari tangu siku ya kwanza. Katriji iliyokuja nayo ilipokwisha nilizunguka mjini siku mbili nikitafuta nyingine inayoingia, nikakosa. Kalamu ile ipo hadi leo kwenye droo, nzito, inapendeza macho, haina kazi. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa muuzaji halihusu bei ya kalamu. Namuuliza: wino wake nitaupata wapi, na kwa bei gani?

Kwa mtu anayeishi mwambao huu wa ziwa, mbali na maduka yanayouza kalamu za wino peke yake, swali hilo ndilo linaloamua nani atafurahia kalamu yake mwaka mzima na nani ataifungia kwenye droo. Kalamu unanunua mara moja. Wino na karatasi unanunua kila siku unayoandika. Kwa hiyo nitaanza na hesabu ya wino, kisha ndipo nifike kwenye kalamu zenyewe. Bei za nje nilizotumia ni zile za kawaida kwenye maduka ya huko, na dola moja nimeihesabu kuwa shilingi 2,500 ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Wewe weka kiwango cha siku yako.

Tuanze na biki, kwa kuwa ndiyo kila mtu anayo. Biki ya shilingi 500 inaweza kuchora mstari wa kilomita mbili kabla haijaisha. Ukurasa wangu mmoja wa maneno 250 hivi ni kama mita 12 za mstari, ukiunyoosha wote. Kwa hiyo biki moja inakupa kurasa 160 na ushee, sawa na shilingi tatu kwa ukurasa. Hakuna chombo kingine cha kuandikia kwa wino kinachokaribia hapo. Anayekwambia kwamba kalamu ya wino ni njia ya kubana matumizi hajapiga hesabu.

Sasa chukua chupa ya Quink ya Parker, ya mililita 57. Nje inauzwa dola 12 hivi, yaani shilingi 30,000. Ukiongeza gharama za kuifikisha Mwanza weka 40,000. Hapo mililita moja ni shilingi 700. Kwa nibu nyembamba na mwandiko wangu, mililita moja inanipa kurasa kama 12. Ukurasa mmoja basi ni shilingi 58. Chupa nzima inakupeleka karibu kurasa 680.

Kisha chukua katriji, vile vidonge vya plastiki vilivyojazwa wino kiwandani. Katriji fupi ya kawaida hubeba mililita 0.75 tu. Pakiti ya katriji sita kwa dola 4 ni shilingi 10,000, na ndani yake mna mililita 4.5. Mililita moja imeruka hadi zaidi ya shilingi 2,200, na ukurasa mmoja ni shilingi 185. Hapo bado sijaongeza nauli ya mzigo.

Mtu anayejaza kurasa 100 kwa mwezi atatumia shilingi 300 kwa biki, 5,800 kwa wino wa chupa, na 18,500 kwa katriji. Kati ya chupa na katriji, wino ni uleule. Kinachotofautiana ni chombo ulimowekwa. Ndiyo maana nasema bila kuuma maneno: ukinunua kalamu ya wino Mwanza, nunua inayofyonza kwenye chupa, au inayokubali konveta, ile pampu ndogo inayokaa mahali pa katriji. Isiyoweza, iache dukani.

Shilingi 5,800 kwa mwezi ni soda nane au tisa. Unapata nini kwa hizo?

Unapata mkono usiochoka. Wino wa biki ni mzito kama grisi. Ili kigololo kizunguke lazima ukandamize, na ukikandamiza kwa saa tatu za kusahihisha madaftari au kuandika ripoti, maumivu yanaanza kwenye kidole gumba na kupanda hadi kwenye kiwiko. Wino wa kalamu ya nibu ni majimaji. Unashuka wenyewe kwenye mfereji mwembamba chini ya nibu na kuishia kwenye ufa wa ncha, ukisubiri karatasi iuguse. Unachofanya wewe ni kuongoza tu. Mara ya kwanza nilipoandika barua ya kurasa nne bila kutikisa vidole hata mara moja, nilidhani nimeandika mbili. Kwa mchoraji faida ni kubwa zaidi: ukigeuza nibu kichwa chini mstari unakuwa mwembamba kama unywele, ukiirudisha unanenepa, na hujabadilisha kalamu.

Kwa upande wa kalamu zenyewe, habari ni njema kuliko watu wanavyofikiri. Miaka hii kalamu nzuri kabisa ya kuanzia haifiki bei ya kilo mbili za sato. Jinhao za China zinapatikana kwa dola 3 hadi 8, na nyingi huja na konveta yake ndani, jambo ambalo kampuni za bei mbaya mara nyingi hazilifanyi. Nimetumia mbili. Ya kwanza ilikuwa tamu tangu siku ya kwanza. Ya pili ilikuwa na nibu iliyopinda kidogo ikawa inaruka herufi mpaka nilipoinyoosha kwa kucha nikiiangalia kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo bahati nasibu ya Jinhao: ubora hautabiriki, lakini kwa bei hiyo unaweza kuagiza mbili na bado ukabaki na chenji.

Ninayoipendekeza kwa mwanafunzi au karani ni Preppy ya Platinum kutoka Japani, dola 5 hadi 7. Ni plastiki tupu, unaona wino ndani, na mtu asiyeijua atadhani ni peni ya kutupa. Uzuri wake uko kwenye kifuniko: ndani kina springi inayobana nibu isipate hewa, na kampuni inadai kalamu inaweza kukaa mwaka bila wino kukauka. Mwaka sijaujaribu. Miezi miwili niliyoisahau kwenye begi, mwezi wa Juni na Julai upepo mkavu ukipiga, ilianza kuandika kwenye neno la kwanza. Kasoro yake ni ya kimahesabu. Preppy huja na katriji moja, ya umbo la kampuni hiyo peke yake, na konveta yake inauzwa bei kubwa kuliko kalamu. Dawa ni kuijaza tumbo zima. Unapaka grisi ya silikoni kwenye nyuzi za kufungia, unavalisha kipete cha mpira, unamimina wino moja kwa moja ndani kwa bomba la sindano. Tumbo lile linabeba mililita nne au zaidi, mara tano ya katriji fupi ya kawaida. Kwa wino huo naandika karibu kurasa 50 bila kugusa chupa.

Pilot wana Kakuno, iliyobuniwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kuandika: mahali pa kushika pana pembe tatu, na juu ya nibu kumechorwa uso unaotabasamu. Usiidharau kwa sababu ya uso ule. Nibu yake ni laini na thabiti, na kwa dola 13 hivi sijaona inayoizidi kwa kuchora. Metropolitan ya kampuni hiyohiyo ina mwili wa chuma na inafaa mezani kwa mkurugenzi, dola 20 na kitu. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1980, ni imara, ukiiangusha sakafuni unaiokota unaendelea, lakini ukijumlisha dola 30 za kalamu na konveta inayouzwa kando umefika karibu shilingi 90,000 kabla ya usafiri. Ni kalamu nzuri. Kwa Mwanza, kwa mtu anayeanza, siioni sababu ya kuitanguliza mbele ya Kakuno.

Zenye nibu ya dhahabu, za dola 150 kwenda juu, nazipita. Anayezihitaji anajijua.

Jambo moja la vipimo usilisahau. Nibu huandikwa F kwa nyembamba, M kwa ya kati, B kwa nene, lakini F ya Japani ni nyembamba kuliko F ya Ujerumani, karibu hatua nzima. Kwa karatasi zetu chukua F ya Japani. Sababu yake ni kaunta buku.

Kaunta buku ndiyo daftari letu la kila kitu: la mahudhurio ya vikao, la mauzo ya dagaa pale mwalo wa Kirumba, la shairi la usiku. Karatasi yake ilitengenezwa ikitarajia biki. Ukiigusa kwa nibu nene inanywa wino kama mchanga, herufi inaota manyoya, na ukigeuza ukurasa unakuta upande wa pili umejaa madoa. Hili ni suala la pesa pia. Kaunta buku ya kwaya mbili ina kurasa 192. Ukiipata kwa 4,000, ukurasa ni shilingi 21. Wino ukitokeza nyuma unatumia upande mmoja tu, na ukurasa umekuwa shilingi 42. Rimu ya A4 ya gramu 80, kwa shilingi 13,000, ni shilingi 26 kwa karatasi. Ikivumilia wino pande zote mbili, ukurasa ni 13. Kwa hiyo mimi nakunja A4 katikati, nashona kwa sindano na uzi wa viatu, navalisha jalada la karatasi ya manila. Daftari langu lina kurasa 64 ndogo na halijawahi kunizidi shilingi 500.

Lakini rimu zote si sawa hata kama gramu ni zilezile. Kabla ya kununua omba karatasi moja, andika neno moja, subiri kidogo, geuza. Steshenari yenye fotokopi haitakunyima karatasi moja. Ukitaka kujua karatasi bora inakuwaje, Rhodia ya Ufaransa na Tomoe River ya Japani ndizo zinazosifiwa na waandishi wa kalamu hizi duniani kote, na sifa ni za haki, ila kuagiza daftari zito kwa posta hadi Mwanza ni kununua nauli kuliko karatasi.

Nimegusia habari za kuchora, na hapa ndipo ziwa linapoingia kwenye hesabu.

Jumamosi asubuhi hukaa kwenye mawe yanayotazamana na Jiwe la Bismarck, kabla jua halijawa kali. Jiji hili limejengwa juu ya miamba, na miamba ni mwalimu mzuri wa mstari: haina ukingo ulionyooka, haina kivuli cha rangi moja, na korongo wanaotua juu yake husimama kimya muda wa kutosha kumchora mmoja hadi kwenye goti. Nachora kwa kalamu, kisha napitisha brashi yenye maji kupata vivuli. Hapo ndipo aina ya wino inapodhihirika. Siku moja nilichora jiwe lilelile mara tatu kwa aina tatu za wino, nikangoja dakika kumi, kisha nikapitisha maji.

Wa kwanza ulikuwa bluu ya Lamy, ule unaofutika. Jiwe liliondoka. Kilichobaki ni wingu la samawati na alama hafifu ya mahali nibu ilipopita. Wa pili ulikuwa Quink nyeusi. Huu uliyeyuka nusu, na katika kuyeyuka ukagawanyika: kijivu cha buluu upande mmoja, hudhurungi ya manjano upande mwingine, rangi mbili ambazo huzioni wino ukiwa chupani. Kwa miamba ya Mwanza ni zawadi, kwa kuwa matale yetu yana rangi hizohizo asubuhi. Wa tatu ulikuwa Carbon Black ya Platinum, wenye chembe za kaboni badala ya rangi ya kuyeyuka. Haukusogea hata kidogo. Mstari ulibaki mweusi, maji yakapita juu yake kama juu ya kioo.

Carbon Black ni dola 22 hadi 25 kwa mililita 60, karibu mara mbili ya Quink. Je, inastahili? Kwa anayepaka rangi za maji juu ya mchoro, ndiyo, haina mjadala. Kwa anayeandika hati za kudumu, hundi au wosia pia ndiyo, kwa sababu mvua ya masika ikipenya kwenye begi maandishi yanabaki. Kwa anayeandika madokezo ya darasani Nyegezi, hapana; atalipia sifa asiyoihitaji na atabeba mzigo wa kuisafisha kalamu kila wiki mbili au tatu, maana chembe zile zikikauka ndani ya mfereji kuzitoa ni kazi. Ipo pia njia ya kati, wino wa chuma na tanini, kama Salix ya Rohrer & Klingner au bluu-nyeusi ya Pelikan 4001. Unaandika bluu, unaachwa hewani, unageuka mweusi na kushikamana na karatasi. Una asidi kidogo, hivyo usiuache ukikaukia ndani ya kalamu.

Wino mmoja tu naukataza kabisa: ule mweusi wa kuchorea wa kuchovya, unaouzwa kwenye vichupa vidogo kwa wachoraji na mafundi ramani. Aina nyingi zake zina shelaki au gundi ndani. Kwenye nibu ya kuchovya unaufuta kwa kitambaa kabla haujakauka. Ukikauka kwenye mfereji wa kalamu ya kufyonza, kalamu imekufa. Muuzaji asiyejua atakwambia wino ni wino. Soma chupa, tafuta maneno yanayosema ni wa kalamu za nibu zinazofyonza, usipoyaona weka chini.

Kuhusu rangi, mwanafunzi ajue kwamba karatasi za mitihani ya Baraza la Mitihani zinaelekeza kuandika kwa wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli. Kijani na zambarau ziache za barua. Nyekundu ni ya mwalimu.

Lakini wino ule wa kuchovya una mwenzake, na mwenzake anaota bure ziwani. Matete. Neno lenyewe kalamu tumelipokea kutoka Kiarabu, qalam, na asili yake ni tete lililochongwa. Waandishi wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, walionakili misahafu karne ya 18 na 19, walifanya kazi kwa kalamu za mwanzi na wino wa kuchanganya wenyewe. Waliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani wanaukumbuka ubao na wino wa masizi, na wengine wamekunywa kombe lililoandikwa kwa zafarani. Mchoraji Van Gogh naye alipokuwa Arles mwaka 1888 alichora mashamba kwa kalamu za matete aliyoyakata hukohuko. Kwa hiyo tunapochonga tete hatuigizi mtu, tunarudi kwenye chombo kilichoipa kalamu jina lake.

Namna ya kuchonga ni hii. Chagua tete lililokauka likiwa bado limesimama, unene wa kidole kidogo, rangi ya majani makavu; bichi halifai, litanywea. Kata kipande cha urefu wa shibiri moja ukiacha fundo upande wa juu. Kwa kisu kikali au wembe, kata upande mmoja kwa mshazari mrefu hadi tumbo la tete lionekane, kisha kwangua nyama nyeupe ya ndani ibaki ganda gumu. Punguza mabega mawili hadi ncha iwe na upana unaoutaka, milimita moja au mbili. Weka ncha juu ya ubao, pasua ufa mmoja katikati, wa urefu wa ukucha, kisha kata ncha yenyewe mraba kwa pigo moja. Usikatekate. Pigo moja. Chovya, kung'uta, chora.

Mstari wake haufanani na wowote utakaoununua. Unaanza mweusi tii, unapauka kadiri wino unavyopungua, mwisho unakuwa mkavu wenye mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo uso wa jiwe, ndiyo ubao wa mtumbwi uliopigwa na jua miaka kumi. Nimemchora mvuvi akishona wavu kwa Kakuno na kwa tete, siku moja, mahali pamoja. Mchoro wa Kakuno ulikuwa sahihi zaidi. Wa tete ndio nilioutundika ukutani.

Usiingie majini kulikata. Maji ya kingoni yana kichocho, na kwenye vichaka vya matete viboko na mamba hawakosi sehemu nyingi. Waombe wavuvi au wanaouza matete ya kujengea. Mafungu yao yamejaa vipande wasivyovihitaji. Mimi nilipewa kumi bila kulipa, nikaacha kalamu moja iliyochongwa kwa mtoto wa aliyenipa.

Wanaoona kalamu ya nibu kuwa anasa na biki kuwa ya wanyonge, nawakumbusha mwaka 1945. Oktoba ya mwaka huo, kalamu za kigololo ziliuzwa kwa mara ya kwanza New York, moja kwa dola 12.50, watu wakipanga foleni. Kigololo ndicho kilichokuwa kitu cha fahari. Bei ilianguka baadaye, Bic walipotoa Cristal mwaka 1950 na kuitengeneza kwa mamilioni. Leo kalamu ya nibu ya China nayo imeshuka hivyohivyo. Leo dola 12.50 hununua Jinhao mbili, wakati mwingine tatu.

Matunzo yake hayagharimu kitu. Kila unapobadilisha wino suuza kwa maji safi ya bomba, ya baridi, yavute na kuyatoa mpaka yatoke meupe. Usitumie ya ziwani, yana chembe na mwani. Mchana wa joto usiiache kwenye dashibodi. Hewa iliyo tumboni hutanuka na kusukuma wino nje, na hufanya hivyo zaidi wino unapobaki kidogo. Ndiyo siri ya doa la yule mzee. Kwenye bodaboda iweke ikitazama juu, mfuko wa kifuani, siyo kwenye begi linaloruka mashimo ya Igoma. Ukipanda ndege kwenda Dar es Salaam ijaze kabisa au iwe tupu, nibu juu.

Kuagiza ndiko kwenye kazi. Steshenari za mjini zina jeli za kila rangi, na kalamu za nibu zinapatikana kwa kubahatisha. Njia iliyonifaa kuliko zote ni kujumuika. Tulikuwa wanne, mwalimu, mhasibu, mchoraji wa mabango na mimi, tukaagiza mzigo mmoja, nauli tukaigawa, na chupa ya Carbon Black tukaigawa pia kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa na kukaushwa, mililita 15 kila mmoja. Badala ya kila mtu kutoa 60,000 kwa chupa ambayo angeimaliza baada ya mwaka na nusu, kila mmoja alitoa 15,000. Wafanyabiashara wanaokwenda Nairobi kupitia Sirari, au Dubai na Guangzhou, huweza kukuletea chupa ukiwaomba mapema. Uliza kodi kabla, na sisitiza chupa ifungwe kwenye mifuko miwili, ni kioo.

Anayeanza leo, na mwenye shilingi 55,000, ninamshauri hivi: Jinhao moja yenye konveta kwa 10,000, chupa ya Quink nyeusi kwa 40,000, na zilizobaki zitoe karatasi za A4 za kushona madaftari kadhaa. Hiyo ni kazi ya miezi sita au saba kwa mwandishi wa kurasa 100 kwa mwezi, na miamba mingi kwa mchoraji. Asiye na hata hizo achonge tete.

Na siku ukienda dukani, nenda na karatasi yako mfukoni, ile utakayoandikia nyumbani. Omba kuandika jina lako mara tatu kabla hujalipa. Kisha muulize muuzaji wino wake unapatikana wapi. Asipokuwa na jibu, mshukuru na uirudishe kalamu kwenye boksi lake.